Kwa Malkia Katarina: siku sita Bosnia, na misa niliyoikosa

Nimerudi Vienna wiki tatu zilizopita. Haya nayaandika kwa kuunga daftari, picha za simu na risiti zilizokunjamana mfukoni, kwa hivyo bei ni zile nilizolipa mie.

Kwanza sababu ya safari. Jikoni kwetu, katika nyumba ya wazee ninakopika, tuko wanawake wanne. Mie ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Wenzangu watatu ni wa Bosnia na Herzegovina, na wanasema lugha moja ambayo ukiwauliza jina lake utapewa majina matatu. (Huko Wakroati wengi ni Wakatoliki, Wabosniaki ni Waislamu, na Waserbia ni Waorthodoksi.) Siku moja yule wa Kiseljak, Mkroati, alibandika ukutani kalenda yenye picha ya mwanamke mwenye taji. "Malkia wetu Katarina," akasema. Yule wa Zenica, Mbosniaki, akageuka na mwiko mkononi: wenu tangu lini? Huyo ni malkia wa Bosna (ndivyo wenyewe waitavyo Bosnia). Wa tatu, Mserbia wa Trebinje, hakuinua hata macho kwenye viazi vyake. Alitutajia nasaba tu, jina kwa jina, mpaka kufika kwa Lazar, mtawala wa Serbia aliyeuawa Kosovo mwaka 1389. Nikazipanga kwa Kiswahili kichwani: Balša wa Tatu ni mjukuu wa Lazar, Jelena ni kitukuu, na Katarina binti Jelena ni kilembwe. Kijerumani hurudiarudia silabi tu: Ururenkelin. Nilijiona tajiri.

Mzozo ule ulidumu siku tatu na supu ikaungua mara moja. Nilipotangaza kwamba likizo yangu ya Oktoba nakwenda kumtazama huyo malkia mwenyewe, kila mmoja alinipa ujumbe wake. Wa Kiseljak alinipa mshumaa. Wa Zenica alitaka picha ya ngome ya Bobovac "bila watu". Wa Trebinje alisema: nenda Blagaj, kwa baba yake.

Ijumaa usiku hadi Jumamosi: Vienna – Sarajevo

Katarina alifariki Roma tarehe 25 Oktoba 1478, akiwa na miaka 54, na kila mwaka karibu na tarehe hiyo Wakatoliki hupanda Bobovac kumsomea misa. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: basi la Ijumaa usiku, euro 65, kufika saa 12 asubuhi, na kabla ya saa 5 niko mlimani.

Hesabu ya basi ilikuwa nyingine. Kabla ya Maribor mkanda wa injini ulikatika, tukakaa kituo cha mafuta saa nne na nusu. Kampuni haikutuma hata chupa ya maji. Dereva maskini ndiye aliyetununulia kahawa kwa pesa zake. Bibi mmoja wa kiti cha nyuma alifungua sufuria iliyofungwa kwa taulo, ndani mna pita, chapati nyembamba iliyojazwa viazi ikaokwa, akagawa kwa basi zima. Nilimwambia nina sambusa tatu tu za kumpa badala yake. Alichukua moja, akaikata kwa kisu vipande vinne akawapa jirani zake waonje. Bwana mmoja alikuwa anakwenda maziko Doboj, na kila baada ya nusu saa alitoka nje kupiga simu kuwaambia wangoje.

Mpakani, kuvuka mto Sava kutoka Slavonski Brod, tulipoteza saa nyingine na ushei. Sarajevo tuliingia saa 7 na nusu mchana, wakati mahujaji wanateremka.

(Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda: mie niliingia kwa kibali changu cha ukaazi cha Austria, sikuombwa viza. Lakini uliza ubalozi kabla hujakata tikiti, maana masharti hubadilika. Na pesa yao, marka, itumie yote kabla ya kutoka, kwa sababu nje ya nchi hakuna anayeitaka. Euro moja ni marka 1.95 na kitu.)

Jioni nilizunguka Baščaršija, soko la kale la Sarajevo, nimenuna. Ćevapi kumi ndani ya mkate wa somun, vitunguu pembeni. Ni kama mishikaki iliyokataa kijiti, na mkate ni mofa iliyofura. Kilichonituliza ni kahawa. Huletwa katika birika dogo la shaba, na kikombe chake hakina mkono, kama vyetu vya kahawa chungu. Nikamwuliza mhudumu kinaitwaje. "Fildžan." Finjani! Nilicheka peke yangu mpaka akaniuliza kama sukari imezidi.

Jumapili: Kakanj – Kraljeva Sutjeska

Basi la Kakanj ni mwendo wa saa moja hivi. Baada ya hapo Jumapili hakuna kitu, ni teksi. Pale njia inapochepuka kuna kituo cha umeme wa makaa ya mawe, na bomba lake la moshi linaonekana hata ukiwa umeshalipa kisogo. Ghafla bonde linabana, mto Trstionica unakuja kando ya barabara, na moshi unasahaulika.

Dereva wa teksi alikuwa Mwislamu aliyeosha magari Stuttgart miaka tisa. (Kijerumani kitakufikisha mbali Bosnia. Kila familia ina mtu aliyekaa Ujerumani au Austria, wengi kwa sababu ya vita vya miaka ya 1990.) Aliniambia jana alipandisha mahujaji tangu alfajiri na hakumtoza mzee hata mmoja. "Ni sevap," akasema. Thawabu. Nilimlipa marka 25 nikajiuliza kama sionekani mzee wa kutosha.

Kraljeva Sutjeska ni kijiji kidogo kilichokuwa makao ya wafalme wa Bosna. Watawa Wafransisko wana monasteri hapo, yenye maktaba ya vitabu vya zamani sana na jumba la makumbusho. Mwendo mfupi kutoka kanisani kuna msikiti mdogo wenye mnara wa mbao, na husimuliwa kwamba ulijengwa kwa siku chache jeshi la Sultani Mehmed wa Pili lilipopita mwaka 1463. Niliswali adhuhuri humo. Mzee aliyenifungulia mlango aliniita "musafir". Kwao maana yake ni mgeni, na mgeni hapewi nafasi ya kukataa maziwa ya mgando.

Nilirudi nikaketi kwenye benchi karibu na kanisa. Nilikuwa nimejitanda mtandio wangu mweusi wa kila siku. Bibi mmoja akatoka, amejifunga kilemba cheusi hadi kwenye nyusi, akasimama mbele yangu. Alishika pindo la mtandio wangu kati ya vidole viwili, akalisugua kama anayepima kitambaa dukani, akasema jambo. Kijana aliyemshika mkono alinitafsiria kwa Kijerumani cha Graz, mji wa Austria:

"Bibi anauliza unamlilia nani."

Nikamwambia simlilii mtu, ndilo vazi letu pwani. Bibi akatikisa kichwa kuridhika. Basi, akasema, ni kama sisi. Ila yeye analia. Anamlilia nani? Malkia. Mama yake alivaa hivyo, na bibi yake alivaa hivyo, kwa kuwa Katarina aliwafundisha wanawake wa hapa kutarizi, kisha akaondoka asirudi. Mjukuu alitafsiri yote hayo, halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba shuleni mwalimu alisema vilemba hivyo vina sababu zake nyingine. Hilo hakumtafsiria bibi.

Nyuma ya kiganja cha bibi palikuwa na misalaba midogo ya rangi ya buluu iliyofifia, na vitone vikiizunguka. Nilidhani ni piko ya bibi harusi. Kumbe ni chale zilizochanjwa akiwa mtoto, desturi ya wanawake Wakatoliki wa Bosna ya kati, na inaitwa sicanje. Alinipa mkono niutazame vizuri. Ngozi ilikuwa laini kama karatasi ya kufungia halua, na msalaba mmoja ulikuwa umepinda kwa sababu, alivyosema, alivuta mkono kwa maumivu.

Usiku nililala kwao, marka 50 pamoja na chakula, na ilibidi nizitie chini ya sahani maana mkononi zilikataliwa. Mwaka 1993, Wabosniaki na Wakroati walipopigana, Wakatoliki wengi wa Kakanj walikimbia. Familia hii iliacha ng'ombe na ufunguo kwa jirani Mwislamu. Ufunguo walirudishiwa. Ng'ombe, alisema bibi, aliliwa, na bado wanamtania jirani yule.

Jumatatu: Bobovac

Mjukuu alijitolea kunipeleka kwa miguu kabla hajarudi kazini Graz. Kwa mwendo wangu ni karibu saa tatu, msitu mtupu, majani ya manjano yamefunika matope hadi huwezi kujua unakanyaga nini. Vaeni viatu vya kweli. Vyangu vya raba nyeupe viliaga dunia mapema. Na msitoke njiani hata kwa haja ndogo bila kuuliza: nchi hii bado ina mabomu ya ardhini ya vita vile, na kibao chekundu chenye fuvu la kichwa si mapambo.

Kwa anayeanza kumsikia leo, kisa chake ni hiki. Mwaka 1446 Katarina, binti wa bwana mkubwa wa kusini aliyelilinda Kanisa la Bosna, lile ambalo Roma iliwaita wazushi, aliolewa na Mfalme Stjepan Tomaš na akawa Mkatoliki. Mfalme alifariki 1461. Waosmani walipoingia mwaka 1463, Bobovac ilianguka kwa siku chache, na mfalme mpya, mwana wa kambo wa Katarina, alikatwa kichwa huko Jajce. Watoto wawili wa Katarina, Sigismund na Katarina mdogo, walichukuliwa mateka wakasilimu. Mama alifika Dubrovnik, kisha Roma, akaishi kwa posho ya Papa. Siku tano kabla ya kufa aliandika wasia: ufalme wa Bosna anauacha kwa Kiti Kitakatifu, isipokuwa mwanawe akirudi kwenye Ukristo. Mwanawe hakurudi. Alikuwa Ishak Bey sasa, afisa wa Sultani.

Njiani mjukuu alinionyesha jabali la Radakovica. Husimuliwa kwamba kamanda wa ngome, Radak, aliifungua kwa ahadi ya zawadi, na Sultani akamwua hapo hapo: aliyemsaliti wake, mimi atanifanyia nini? Pia alinihadithia kwamba malkia alitoroka juu ya farasi aliyepigwa kwato za chuma kinyumenyume, ili nyayo zionyeshe anakuja.

Ngome yenyewe imekaa juu ya mgongo wa jabali, kuta zimebaki kama meno ya mzee. Kilichosimama imara ni kanisa dogo la makaburi ya wafalme, lililorejeshwa baada ya uchimbaji wa miaka ya 1960. Chini ya ukuta wake palikuwa na nta iliyoganda, maganda ya machungwa, na utepe wa rangi za bendera ya Kroatia uliofungwa kwenye shada. Hiyo ndiyo misa niliyoikosa.

Hatukuwa peke yetu. Wapandamlima sita wa Zenica walikuwa wanapiga picha na bendera ya maua ya yungiyungi, nembo ya wafalme wa Bosna ambayo siku hizi hushikwa zaidi na Wabosniaki. Niliwauliza mbona hawakuja Jumamosi. Mmoja akacheka: "Njia ni nyembamba. Wao huja na yao, sisi na yetu." Wakamimina kahawa. Mwingine akamwambia mjukuu, kwa wema kabisa, "Karibu kwa malkia wetu." Mjukuu akajibu, "Na wetu." Kimya kikaingia, kile cha kutazama viatu. Kisha mtu akataja mpira wa miguu na wote wakashukuru.

Nilikumbuka mshumaa wa Kiseljak. Nikauweka pale penye nta, upepo ukauzima. Mara ya pili vilevile. Yule aliyesema "malkia wetu" akavua kofia yake ya sufu, akachuchumaa, akaukinga mshumaa kwa kofia hiyo, mkono wa pili ukiwa na kibiriti, hadi utambi ukashika, akakaa hivyo mpaka magoti yakamuuma.

Tukiteremka mjukuu alizungumza bila kuulizwa. "Wakisema ni malkia wa Wabosnia wote, nasikia wananifuta mimi. Babu yangu alisema hivyo hivyo alipokuwa mdogo, enzi za Yugoslavia. Lakini sisi tukimwita malkia wa Kroatia, najua nao wanasikia tunawafukuza nchini kwao. Naye hakuwa malkia wa Kroatia. Alikuwa wa Bosna."

Mie nadhani ameshika penyewe. Kaburi lake liko kanisa la Aracoeli huko Roma, na maandishi ya kwanza yalikuwa kwa herufi za Kisirili za Bosna kabla ya kuwekwa ya Kilatini. Yanamtaja kwa ufalme, kwa baba na kwa mume: malkia wa Bosna, binti wa Stjepan herceg (cheo cha chini ya mfalme) wa Mtakatifu Sava, mke wa Mfalme Tomaš. Maswali ya kabila tunayomwuliza leo ni ya katiba iliyoletwa na mkataba wa amani wa Dayton mwaka 1995, inayotaja watu watatu wenye nchi, Wabosniaki, Wakroati na Waserbia, na baada yao "wengineo". (Ningehamia huko, mie ningekuwa wengineo.) Sisemi kwa kuwacheka. Kwetu Mombasa tuna Mwana Mkisi, malkia ambaye mapokeo humtaja kuwa mwanzilishi wa mji kabla ya Shehe Mvita, na ukitaka barza ivunjike, uliza alikuwa nani.

Picha ya ngome "bila watu" haikupatikana. Katika kila moja kuna mguu wa mtu.

Jumanne: Sarajevo

Mvua kutwa. Makumbusho ya taifa, Zemaljski muzej, yana vitu vilivyofukuliwa Bobovac na bustani ya stećci, yale mawe makubwa ya makaburi ya zama za kati. Nayo hugombaniwa ni ya nani, ingawa waliyalalia watu wa madhehebu yote. Jumatatu hufungwa, msije mkajuta.

Jumatano: Blagaj

Basi la Mostar hufuata mto Neretva, na ukikaa upande wa mto utasahau kulala. Kutoka Mostar hadi Blagaj ni kilomita 12, basi la mji, marka chache. Wageni wote huenda kwenye tekija, nyumba ya madarweshi iliyobanwa chini ya jabali pale mto Buna unapotoka pangoni. Nami nilienda, nikala samaki wa mto kwa bei ya mgeni. Lakini ujumbe wa Trebinje ulikuwa juu: ngome inayoitwa Stjepan-grad, dakika 40 za kupanda mawe, na bure.

Huaminika Katarina alizaliwa huku. Baba yake, Stjepan Vukčić Kosača, mwaka 1448 alijitwalia cheo cha herceg, ambacho ni lile neno la Kijerumani Herzog nililolijua, na ndipo nchi ikaitwa Herzegovina. Muda mfupi baadaye akajiita herceg wa Mtakatifu Sava, mtakatifu wa Waserbia. Sasa hesabuni nyumba moja: baba ana wazushi wake na cheo cha mtakatifu wa Kiorthodoksi. Binti ni Mkatoliki aliyezikwa Roma. Mwana mdogo, ndugu wa Katarina kwa baba, alisilimu akawa Hersekzade Ahmed Pasha, waziri mkuu wa Waosmani mara tano. Nilimpigia simu wa Trebinje nikiwa ukutani, nikamwonyesha bonde lote.

"Upepo mwingi," akasema. "Shuka, utaugua."

Alhamisi na Ijumaa: kurudi

Siku ya kununua na kufunga mizigo. Bibi wa Sutjeska alikuwa amenipa jozi kwenye mfuko wa plastiki, za wale watatu wangu jikoni, na afisa wa mpakani alizimwaga mezani zote akazitazama moja moja. Hakuchukua hata moja.

Jumla: euro 385, pamoja na raba mpya. Laini ya simu nilinunua kituo cha basi Sarajevo, lakini huko milimani haikukamata chochote. Mchukue pesa taslimu kabla ya kuingia vijijini, na kijisanduku cha halua au kahawa ya kwenu, maana huko mtu hapokei pesa lakini zawadi hupokea. Basi la kurudi, la kampuni ile ile, lilifika Vienna dakika 20 kabla ya wakati.